Vazi la Shibiri Moja



Marhuma mama yangu aliacha mkebe wa biskuti wenye nguo nne ambazo hakuna binadamu awezaye kuzivaa. Mlikuwa na buibui la urefu wa shibiri moja, mtandio wake, kanzu nyeupe ya bafta, na kofia ndogo kiasi cha kukaa juu ya ncha ya yai la kuku. Alizishona kwa mkono katika miaka miwili ya mwisho wa uhai wake, alipokuwa akikaa Busia kwa mdogo wangu aliyeolewa huko.

Wenye nguo hizo ni wanasesere wawili wa mjukuu wake, binti wa miaka tisa. Wa kwanza ni wa kike, wa namna ile tuijuayo sote, mwenye kiuno chembamba na nywele za rangi ya dhahabu. Wa pili ni askari wa plastiki mwenye viungo vinavyokunjika, wa aina ambayo huko Ulaya na Marekani watu wazima huikusanya na kuiweka katika makabati ya vioo. Hawa wawili hawakutoka katika kabati la kioo. Walitoka katika rundo la mitumba, mmoja akiwa hana kitu mwilini na mwingine akiwa na sare iliyokunjamana kama karatasi iliyofinyangwa. Mama hakuridhika kuwaacha hivyo mikononi mwa mtoto, akaomba sindano.

Siku chache kabla ya Idi nilikuwa Busia. Binti alinijia na ule mkebe. Nguo zilikuwa zimekaa humo tangu msiba, zimeshika mikunjo mikali. Akaniomba, "Khalti, nipigie pasi, nao wavae Idi." Umeme ulikuwa umekatika, nikatia makaa katika pasi ya zamani. Nilianza na kanzu, ikanyooka vizuri sana. Nikachukua buibui na kuliwekea pasi ile ile kwa moto ule ule. Harufu ndiyo iliyonizindua. Nilipoinua mkono, kipande cha mgongo wa buibui kilikuwa kimeganda kwenye chuma, na katika vazi pamebaki tundu la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Binti hakulia. Aliligeuza buibui upande wa ndani, akapitisha kidole juu ya mishono, kisha akauliza iwapo mishono ya bibi imeungua. Haikuungua, tundu lilikuwa chini ya bega, mbali na mshono. Akalikunja, akalirudisha katika mkebe, akafunga kifuniko.

Nimeshona nguo za watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilidhani najua kupiga pasi. Makala haya yanatokana na tundu lile. Nimekusanya humu niliyojifunza baada yake, ili dada zangu wenye watoto, na wenye mikebe kama ule, wasilipie elimu hii kwa gharama niliyoilipia mimi.

Si jambo geni kwetu

Huenda msomaji akauliza, je, jambo la wanasesere linastahiki ukurasa mzima? Tukumbuke kwamba imepokewa katika Sahih Bukhari na Sahih Muslim kuwa Mama wa Waumini Bibi Aisha, Allah amridhie, alikuwa akicheza na wanasesere, na shoga zake wakija kucheza naye. Walipojificha kwa haya alipoingia Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwarudisha kwake waendelee na mchezo wao. Na katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya siku ambayo upepo uliinua pazia, wakaonekana wanasesere wa Bibi Aisha, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume alipouliza juu ya farasi mwenye mbawa, Bibi Aisha alimjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana.

Mimi kila nikiisoma habari hii hutua kwenye vile vitambaa. Kuna mkono uliochagua kitambaa, ukakata, ukaunganisha mbawa zikakaa.

Kwa ajili ya hadithi hizi wanazuoni wengi wameruhusu wanasesere wa kuchezewa na watoto, ingawa wako walioona karaha katika wale waliotengenezwa wakafanana mno na viumbe. Kuwapanga sebuleni kama mapambo ni suala jingine, na kila nyumba imwulize shekhe wake. Humu tunazungumzia kitu cha kuchezea na nguo yake.

Viwanda navyo vimeipa nguo hiyo uzito. Barbie alitolewa na kampuni ya Mattel ya Marekani mwaka 1959, akiwa na urefu wa takriban sentimita 29, na biashara yake tangu mwanzo ilikuwa ya mwanasesere pamoja na mavazi yanayobadilishwa. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ikatoa askari wake G.I. Joe, wa takriban sentimita 30, mwenye sare za kitambaa. Kwa kuwa wauzaji waliogopa kwamba wavulana hawatakubali kitu kiitwacho mwanasesere, walimbunia jina jingine la kumwonyesha kuwa ni mtu wa vitendo. Mwaka 1982 askari huyo alifanywa mdogo, asiyefika sentimita 10, na nguo zake zikawa rangi na michoro juu ya plastiki. Hapo sindano na pasi zikakosa kazi kwake. Wanaokusanya wale wakubwa hadi leo hutumia saa nyingi kunyosha sare zao na kuzishona upya.

Katika ulimwengu wetu wa Kiislamu, mwaka 2003 kampuni ya NewBoy, yenye asili ya Syria, ilimtoa Fulla, mwenye kimo cha Barbie lakini aliyevaa abaya na mtandio. Mwishoni mwa mwaka 2015 dada mmoja wa Nigeria, Haneefah Adam, alianza kumvika Barbie hijabu na magauni ya stara aliyoyashona mwenyewe, na picha zake zikaenea duniani. Mwezi Novemba 2017 Mattel wenyewe wakatangaza mwanasesere wa Ibtihaj Muhammad, Mmarekani Mwislamu aliyepata medali ya shaba katika mchezo wa vitara huko Rio mwaka 2016, akiwa amevaa hijabu. Mama yangu hakumjua yeyote kati ya hao. Yeye aliona tu mwanasesere asiye na nguo, akafikiri kama walivyofikiri wao.

Vitambaa vya mpakani

Busia na Malaba ni miji miwili ya mpakani iliyo katika kaunti moja ya Busia. Kutoka Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900. Hapa ndipo lilipotoka jina la boda boda, tangu enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo yao baina ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda. Tangu Februari 2018, kilipozinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja.

Panapopita watu hupita vitambaa. Robota la mitumba, ambalo aghlabu lina uzito wa kilo 45, likifunguliwa hutoka humo mashati ya pamba yaliyolainishwa na miaka ya kufuliwa, vitambaa vya mkononi, tai za hariri, na mara nyingine mwanasesere aliyejificha baina ya nguo za watoto. Kwa mafundi wa cherehani huanguka sakafuni mabaki ya vitenge na ya gomesi, lile vazi la Uganda la mabega yaliyochongoka ambalo wanawake wa upande huu nao hulivaa siku za harusi. Anayeshona vazi la shibiri moja huhitaji kitambaa cha ukubwa wa leso ya mkononi tu, na mpakani kitambaa cha kiasi hicho hupatikana kwa kuomba.

Siku ya pili baada ya kuunguza buibui, shemeji yangu alituelekeza Malaba, mwendo wa kilomita 30 hivi, kwa fundi mzee anayeshona barazani, mahali ambapo malori husimama katika foleni ndefu kungojea kuvuka. Tulimkuta akimalizia gomesi. Binti akasema, "Shikamoo babu," akafungua mkebe mwenyewe. Mzee alivaa miwani, akalitazama buibui pande zote mbili, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kitambaa gani kile. Sikujua. Akanitazama kwa upole uliokuwa mzito kuliko lawama.

Kwanza kijue kitambaa

Alivuta uzi mmoja kutoka sehemu ya ndani ya mshono, akaushika kwa koleo juu ya sahani ya bati, akauwashia kiberiti. Uzi haukuungua kwa mwali. Ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kijiwe cheusi kigumu. Hiyo ilikuwa poliesta. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na masalia yake husagika kwa vidole. Nailoni huyeyuka kama poliesta. Jaribio hili lifanywe na mtu mzima, na maji yawe karibu.

Kisha aliniuliza kuhusu pasi. Pasi za umeme zina alama za nukta: nukta moja ni takriban nyuzi 110 za Selsiasi, mbili ni 150, na tatu ni 200. Nailoni hustahimili nukta moja. Poliesta, sufu na hariri hustahimili mbili, na ni salama zaidi kuanzia moja. Pamba na kitani ndizo zinazotaka tatu. Pasi ya makaa haina nukta, na moto wake unaweza kuipita ile ya tatu bila kukuambia. Kipimo chake ni tone la maji. Ukilidondosha kwenye chuma likatulia na kuchemka polepole, moto ni wa wastani. Likigeuka shanga na kukimbia huku na huku bila kukauka mara moja, chuma kimekaribia nyuzi 200 au kimezidi, na kitambaa chochote kinachoyeyuka kisisogezwe hapo. Pasi iliyonyosha kanzu ya bafta ndiyo iliyoyeyusha buibui, kwa kuwa niliyapa mavazi mawili yasiyofanana hukumu moja.

Kuosha kabla ya pasi

Nguo iliyotoka katika mitumba au mkebeni ioshwe kwanza, kwani pasi hukaza doa likawa la milele. Kabla ya hapo, lowesha kitambaa cheupe na ukikandamize juu ya upande wa ndani wa vazi. Kikitoka na rangi, vazi hilo lioshwe peke yake. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, ulikandekande kwa vidole wala usilifikiche. Vile vipande vya kunata vya mgongoni vifungwe kabla ya kuosha, la sivyo vitakwaruza kitambaa. Usilikamue; livingirishe ndani ya taulo, ulikandamize, kisha ulilaze kivulini.

Rangi ina hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Nguo nyeusi au nyekundu ikikaa muda mrefu juu ya mwili wa plastiki, rangi yake huingia katika plastiki na haitoki kwa sabuni. Mama alilijua hilo, au alilihisi, kwa maana chini ya buibui alimshonea mwanasesere shumizi nyeupe isiyotoka mwilini. Tulipomvua tulikuta mwili umebaki safi, na mikono, ambayo shumizi haikuifikia, ina kivuli cha rangi ya moshi.

Moto kidogo, mkono mwepesi

Vazi livuliwe kabla ya kupigwa pasi. Plastiki laini ambayo wengi wa wanasesere hawa wametengenezwa kwayo huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na pasi iliyo baridi kuliko zote imeshapita hapo. Nimewahi kuona mkono wa mwanasesere uliolazwa kama mshumaa kwa sababu mtu alitaka kunyosha shati juu ya mwili.

Ubao wetu wa kawaida ni mpana mno kwa kazi hii. Funga mpini wa mwiko kwa kitambaa cha pamba, nawe utakuwa na ubao wa suruali. Penseli iliyofungwa vivyo hivyo itaingia katika mkono wa shati. Taulo ndogo iliyovingirishwa itachukua mahali pa bega na kifua. Geuza vazi upande wa ndani, weka juu yake kitambaa cheupe chembamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha ushushe ncha ya pasi, uhesabu tatu, uinue. Hapa ndipo mkono uliozoea nguo kubwa hukosea. Sisi tumezoea kusukuma pasi mbele na nyuma, lakini vazi dogo likisukumwa huvutika na kupinda. Pasi hushuka na kupanda, haitelezi.

Anza na mishono, ukiifungua ilale pande mbili. Fuatisha ukosi, kisha mikono, na kiwiliwili mwisho. Ukimaliza, liache vazi lipoe mahali pake kabla ya kulishika, kwa kuwa kitambaa chenye moto bado hupokea mkunjo mpya. Mahameli na nguo zenye vimetameta visiguswe na pasi. Zishikilie kwa koleo juu ya mvuke wa birika, kisha uzinyoshe kwa vidole. Ngozi ya bandia isisogezwe motoni kabisa. Ivalishe, uikandamize kwa viganja vyenye joto, na uiache siku mbili tatu ijinyoshe yenyewe.

Kuifanya nguo imkae

Hata nguo iliyonyoshwa vizuri huweza kuonekana kama gunia juu ya mwanasesere, na sababu yake ni hesabu. Mwanasesere wa sentimita 30 ni moja ya sita ya mtu wa sentimita 180. Kwa hiyo kitambaa cha unene wa milimita moja, juu yake ni kama kitambaa cha milimita sita juu yetu, yaani jamvi. Kifungo cha sentimita moja ni sahani ya sentimita sita kifuani. Ndiyo maana sare za viwandani huvimba mabegani na suruali husimama kama mabomba.

Dawa ya kwanza ni kupunguza unene. Fungua nguo kwa ndani, kata ukingo wa mshono ubaki milimita tatu, na pindo lililokunjwa mara mbili likunjwe mara moja. Ili kingo zisifumuke, zipake kwa ncha ya kijiti gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Wako wanaotumia rangi ya kucha isiyo na rangi, ile tunayoiondoa kabla ya udhu. Nayo hufaa kwa pamba, ila huyeyusha baadhi ya vitambaa vya kutengenezwa, basi ijaribiwe kwanza mahali pa siri.

Ukishona upya, gawanya vipimo kwa sita. Kanzu ya sentimita 144 huwa 24, na kofia yenye mzunguko wa sentimita 57 huwa tisa na nusu. Hata hivyo pima kichwa cha mwanasesere mwenyewe kabla ya kukata, maana viwanda havifuati hesabu sawasawa. Chagua bafta nyembamba, leso ya mkononi, au shati kuukuu la mitumba. Leso zetu za kuvaa ni nzuri, lakini maua yake ni makubwa. Tafuta vidoa vidogo vya mji wake.

Dawa ya pili ni maji. Mvishe mwanasesere nguo ya pamba iliyooshwa, inyunyizie maji mpaka ipate unyevu, uivute kwa vidole iangukie panapostahiki, ufunge uzi kiunoni na kwenye viwiko mahali ambapo nguo ya mtu hukunjika, kisha uache usiku kucha. Asubuhi ukifungua uzi utakuta mikunjo yenye maana, ya mtu aliyekaa na kusimama, badala ya mikunjo ya sanduku. Hivi ndivyo tulivyoitengeneza sare ya askari, na baada ya hapo aliacha kuonekana kama aliyevikwa na adui yake. Joho au mtandio usiotulia huingizwa waya mwembamba katika pindo, kwa mtoto aliyekwisha kukua tu. Vifungo, waya na shanga visiwe karibu na mtoto wa chini ya miaka mitatu, na sindano zihesabiwe kabla ya kazi na baada yake.

Kofia ina ilimu yake, na hapo sisi watu wa pwani hatufundishwi. Tulifanya kama tufanyavyo kofia za waume zetu. Kijiko kimoja cha chai cha wanga wa muhogo katika kikombe cha maji, tukakoroga motoni mpaka ukang'aa, ukapoa, tukaichovya kofia, tukaikaushia juu ya kizibo cha chupa ya maji. Kizibo kina upana wa sentimita tatu, na ndio upana wa kichwa cha yule askari. Fundi wa Malaba, aliyetufundisha mengi, kwa hili alikaa akatutazama.

Tundu la buibui

Limebaki buibui. Mzee alikata ukingo uliogandamana, kwa sababu kitambaa kilichoyeyuka huwa kigumu na hukata uzi. Akatafuta sakafuni kipande cheusi kinacholandana, akaeleza jinsi ya kukitia kwa ndani, kwa mishono ya milimita mbili, hata mtu asijue kwamba palikuwa na tundu. Nilifurahi, na sitaficha kwamba furaha yangu ilikuwa ya mkosaji anayeona athari ya kosa lake ikifutwa.

Binti akakataa. Alisema kiraka kisiwe cheusi. Mdogo wangu angemkanya, lakini hakuwapo, nami sikuwa na uso wa kumkanya. Mzee akamwuliza sababu. Akajibu kwamba kiraka kikiwa cheusi, watu watadhani ni bibi aliyekishona, na bibi hakushona pale.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasukuma mbele yake mabaki yote yaliyokuwa sakafuni, achague. Alichagua kipande cha kitenge cha rangi ya chungwa. Akafundishwa kukunja ukingo, kukibana, na kukinyosha kwa pasi ya nukta moja juu ya kitambaa chenye unyevu. Mara ya kwanza alijichoma kidole. Mara ya pili mishono ilikwenda upogo, akaifumua mwenyewe bila kuambiwa. Mimi nilikatazwa kugusa. Tulirudi Busia jua likielekea kuchwa, naye amelishika buibui mkononi badala ya kulitia mkebeni.

Nimetafakari jibu lile mara nyingi tangu siku hiyo. Mimi nilitaka vazi lirudi kama lilivyokuwa, na jambo hilo halikuwa katika uwezo wa mtu. Mtoto alitaka kila mkono ujulikane kazi yake: mishono ya bibi ibaki ya bibi, na kiraka kiwe chake. Na katika kukidai kiraka hicho alijifunza kushika sindano, jambo ambalo bibi yake alilitamani na hakujaaliwa kuliona. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaita mabinti zetu waje kujifunza kushona wakikimbia, kwa sababu huwapa kitambaa kitupu na amri. Huyu alikuja mwenyewe, kwa kuwa palikuwa na kitu chake kilichotoboka.

Kwa hiyo, dada zangu, ikiwa nyumbani mna mwanasesere mwenye nguo iliyochakaa, msiitupe wala msiitengeneze peke yenu usiku watoto wamelala. Mwiteni mtoto akae karibu. Mwonyesheni uzi unavyoungua na tone linavyokimbia juu ya chuma. Mpeni mpini wa mwiko autie ndani ya suruali ya shibiri. Na mkimaliza, nguo isiyovaliwa ikunjwe katika kitambaa cheupe cha pamba, pamoja na karafuu chache, isifungiwe katika mfuko wa nailoni unaohifadhi unyevu.

Asubuhi ya Idi wanasesere wawili waliketi dirishani, mmoja kwa kanzu na kofia iliyosimama barabara, wa pili kwa buibui jeusi lenye kiraka cha rangi ya chungwa mgongoni. Jirani aliyekuja kutupa mkono wa Idi aliuliza kile ni nini. Binti akamweleza yote kwa utaratibu: bibi alishona, khalti akaunguza, mimi nikatia kiraka. Nilikuwa nimeshika sinia la mkate wa sinia, nikaendelea kukata.